Mashini ya kushona ikikaza: tafuta uzito kabla ya kumwaga mafuta

Mwezi wa nane ndio unaotujua sisi washonaji wa Kadutu, hapa Bukavu. Shule zinafunguliwa mwanzoni mwa mwezi wa tisa, na kila mzazi anakumbuka wiki ya mwisho kwamba mtoto amekua, shati jeupe halimfungi tena na sketi ya buluu imepanda juu ya goti. Ni wiki hiyo hiyo ambapo watu wananipandishia vichwa vya mashini kwenye mlango wangu. Mwaka jana kijana mmoja alibeba cha kwake mgongoni kutoka Panzi, kimefungwa ndani ya liputa la mama yake kama mtoto. Kichwa cha chuma cha namna hiyo kinapita kilo 10. Alikitua, akapumua, akasema: «Mama, imekaza. Nimeimwagia mafuta chupa nzima na bado imekaza.»

Neno hilo la mwisho ninalisikia kila mara, na ndilo linanifanya niandike. Watu wanaanza na mafuta. Mafuta ndiyo ya mwisho. Kwanza ujue uzito umekaa wapi.

Mashini ninayoisemea hapa ni ile nyeusi ya kukanyaga, yenye kichwa cha chuma na meza ya mbao: Singer za zamani za familia ya 15, na Butterfly za Uchina zilizofuata umbo lile lile. Ukiijua moja, nyingine haikutishi. Yangu niliachiwa na koko yangu mzaa mama. Ubavuni ina kibati cha namba inayoanza na herufi E, maana yake ilitoka kwenye kiwanda cha Clydebank, kule Uskoti, kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Kiwanda hakipo tena, mashini yake inashona kaptula za watoto wa Bukavu. Ninaipenda kwa sababu haina kitu ndani yake ambacho jicho haliwezi kufuata. Hakuna kilichofichwa. Kila chuma kinasukumwa na kingine, na kikikaza kimoja, kinakuambia kama una subira ya kukiuliza.

Toa kwanza vitu vyote vinavyoweza kukudanganya. Uzi wa juu, toa. Bobini na nyumba yake, toa. Sindano, toa. Mguu unaokandamiza kitambaa, toa. Inua na kile kikono cha kujazia bobini kisiguse gurudumu. Nimeshapokea mashini mbili ambazo «ugonjwa» wake ulikuwa mpira wa kikono hicho tu, umebaki umelalia volani, yaani gurudumu hilo la kuzungusha kwa mkono, tangu siku bobini ya mwisho ilipojazwa. Kama mtu alikuwekea mota ya umeme pembeni, chomoa waya ukutani kabla ya kugusa kitu chochote.

Halafu vua mkanda. Huu ndio mtihani wa kwanza na ndio mkubwa. Mkanda ukiwa umevuliwa una vitu viwili mbele yako, kichwa juu na miguu chini. Zungusha volani kwa mkono, ikija upande wako kwa juu. Kisha inama, ukanyage pedali peke yake. Kipi kizito? Ikiwa volani inazunguka laini na pedali ndiyo inalalamika, basi usikifungue kichwa, huna kazi nacho. Na kama vyote viwili ni vyepesi, shida ilikuwa mkanda wenyewe, umekatwa mfupi mno, unavuta volani chini na kuibana. Mkanda wa ngozi unatakiwa ukubali kidogo ukiubonyeza kwa kidole. Ukilia kama uzi wa gitaa, umekaza.

Tuseme ni kichwa, kwa sababu mara nyingi ni kichwa.

Katikati ya volani kuna kigurudumu kidogo, kile unachokilegeza wakati wa kujaza bobini. Kilegeze. Sasa volani inatakiwa izunguke peke yake na sindano isitikisike. Ikizunguka vizuri, uzito uko ndani ya mashini. Ikiwa volani yenyewe bado ni nzito, uzito uko palepale, kati ya volani na mhimili wake, mafuta ya zamani yamekauka na kuwa gundi. Hapo kazi ni ndogo: fungua kile kivisi (skrubu) kidogo kilichoko kwenye kigurudumu, toa kigurudumu, toa pete ya chuma yenye masikio, vuta volani, sugua mhimili na tundu, paka mafuta, rudisha. Lakini piga picha ya ile pete kwa simu kabla ya kuitoa. Ina upande wake. Ukiirudisha kinyume, volani haitaachia tena wakati wa kujaza bobini, au haitashika wakati wa kushona, nawe utafikiri umeharibu mashini. Igeuze tu nusu mzunguko, ujaribu tena.

Kaza kigurudumu, zungusha tena polepole, na safari hii funga macho. Wasichana ninaowafundisha wanacheka ninaposema hivyo, lakini macho yanaharakisha mkono. Unataka kujua jambo moja: je, ni nzito mzunguko mzima, sawasawa, kama mtu anayekoroga bugali? Au ni nyepesi, nyepesi, halafu inagonga mahali pamoja, kila mzunguko palepale? Hayo ni magonjwa mawili, na dawa yake si moja.

Inayogonga mahali pamoja imemeza kitu au imepinda. Anzia chini, kwenye ndoano, kile chuma chenye umbo la mwezi mchanga kinachoyumba huku na huku chini ya sindano na kukamata uzi. Lala chali ukiweza, washa tochi ya simu. Mara tisa katika kumi kuna uzi. Mtu alianza kushona bila kushika ncha mbili za uzi, au alikanyaga kinyume mzunguko mmoja, uzi ukavutwa na kujikunja nyuma ya ndoano, akaukata kwa juu na kuendelea. Uliobaki umebanwa huko, na kila siku unaongezeka. Fungua pete inayoshika ndoano. Kwenye mashini nyingine inashikwa na visi, nyingine ina vishikizo viwili vidogo unavyovisukuma kwa kidole gumba. Toa pete, toa ndoano, uone umeshika nini mkononi. Ile ya kijana wa Panzi ilitoa uzi mweusi, uzi mweupe na uzi wa dhahabu wa nguo ya harusi, vimeshikana kama kiota cha ndege. Alisema harusi ile ilikuwa ya mwezi wa pili.

Ukiwa hapo, angalia ncha ya ndoano. Ipitishe kwenye ukucha. Ikikwaruza, sindano iliyopinda iliwahi kuigonga. Mkwaruzo mdogo unaufuta kwa karatasi ya msasa laini kabisa, kwa kufuata umbo lake, usilipunguze umbo. Ncha iliyovunjika haifutwi, tafuta ndoano nyingine. Usidanganyike kwamba utaichonga.

Panda juu. Fungua visi mbili za bati la sindano, lile lenye tundu. Chini yake, kati ya meno yanayosukuma kitambaa, utakuta kitu kama shuka la kijivu, kimegandamana hadi kimekuwa kigumu. Ni vumbi la vitambaa, mafuta na, huku kwetu, vumbi la barabara la mwezi wa sita hadi wa nane. Kikijaa, meno yanashindwa kushuka hadi chini, na hapo ndipo volani inagonga. Kichokoe kwa mti wa kibiriti uliochongwa au kwa sindano ya zamani. Usikipulize kwa mdomo: mate ni maji, nacho kitaingia ndani zaidi.

Ikiwa bado inagonga na hakuna uzi wala uchafu, fungua bati la kushoto, lile la uso, utazame mti wa sindano unavyopanda na kushuka. Mti uliopinda unauona ukiuangalia kwa mwanga wa dirisha nyuma yake. Huo si wa kunyoosha nyumbani kwa nyundo. Nasema hivyo nikiwa na uchungu. Mwaka mmoja mtu niliyemwamini aliuweka mti wa sindano wa mashini ya koko juu ya jiwe akaupiga. Ulinyooka kwa macho. Kwa kazi, haukunyooka tena, nami nilitafuta mwingine miezi minne.

Sasa ile nzito mzunguko mzima. Hii ndiyo ninayokutana nayo zaidi, na ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu karibu kila mara ni mikono ya watu imeifanya hivyo, kwa nia nzuri. Mashini ilikuwa nzito kidogo. Mtu akaangalia jikoni. Akaona mawese.

Mawese ni chakula, mashini haiyali. Bukavu iko juu, karibu mita 1500, na asubuhi ya mwezi wa saba unaona mwenyewe mawese yameganda ndani ya chupa hadi uyaweke karibu na mbabula, jiko la makaa. Hayo hayo yameganda pia ndani ya mashini yako, kwenye kila kiungo. Mafuta ya kukaangia yanayouzwa kwenye bidoni nayo ni mabaya zaidi kwa sababu hayagandi leo. Yanaonekana mazuri wiki mbili, halafu yanaanza kushika hewa, yanakuwa manjano, kisha yanakuwa vernisi. Umeshaona nyuma ya sufuria ya zamani ile ngozi ya kahawia isiyotoka kwa sabuni? Ndiyo hiyo. Na mafuta meusi yaliyotolewa kwenye mota ya gari yamebeba masizi na unga wa chuma. Unaingiza msasa wa maji.

Kuna mafuta ya mashini: meupe, mepesi kama maji, kwenye kichupa chenye mdomo mwembamba. Sokoni utayapata kwa wauza nyuzi na vifungo. Bei yake si ya kukufanya utumie mawese.

Lakini mafuta mapya juu ya gundi ya zamani hayafiki popote. Yanateleza juu. Ndiyo maana chupa nzima ya kijana yule haikusaidia kitu. Gundi inatolewa kwanza, na inayoitoa ni petroli, yale mafuta ya taa ya koroboi. Si esansi ya pikipiki. Esansi inashika moto kabla hujamaliza kusema neno. Na hata petroli, fanyia kazi nje, au karibu na dirisha lililo wazi, mbabula imezimwa na mtoto amepelekwa kwa jirani. Vitambaa ulivyofutia usivirundike ndani ya nyumba, vitandaze nje vikauke.

Mimi natumia seringi ya duka la dawa, bila sindano. Laza kichwa nyuma kwenye bawaba zake, weka kipande cha mbao kukiegemeza, kisije kikakuangukia vidole. Utaona chini mihimili miwili mirefu inayoyumba, na mikono inayoiunganisha. Tone la petroli kila mahali ambapo chuma kinasugua chuma. Usifuate tu matundu ya juu. Tazama kwa macho, zungusha volani, na kila kiungo kinachosogea ni mdomo unaotaka kunywa. Chini, kisha kwenye uso ambapo mti wa sindano na mti wa mguu vinapita, kisha matundu ya juu ya mkono, kisha nyuma, nyuma ya kile kibati cha mviringo chenye maua. Kisogeze, ndani yake kuna mkono mkubwa unaobeba kazi yote, na watu wengi wanaishi na mashini miaka 20 bila kuufungulia.

Kwenye maua ya dhahabu usipitishe petroli mara nyingi, na pombe kali kabisa usiiguse. Pombe inayeyusha vernisi na dhahabu inaondoka nayo.

Zungusha mara 20, taratibu. Itatoka kitu cha kahawia, kinachonuka kama sanduku la zamani. Futa. Ongeza. Ikiwa haizunguki kabisa, usiilazimishe. Nimeona watu wakiweka pensi kubwa kwenye volani, au wakikanyaga pedali kwa miguu miwili. Nguvu hiyo inapita kwenye vyuma vyembamba kuliko kidole changu kidogo, na ndivyo vinavyokatika. Weka petroli, nenda kalale. Asubuhi ongeza. Jua likiwaka, itoe nje, chuma cheusi kinakunywa joto haraka, na gundi ikipata joto inalegea. Kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto, kikakamuliwa sana na kuzungushiwa mkono wa mashini, kinafanya kazi ile ile siku ya mvua, ilimradi ukaushe chuma vizuri baadaye. Ukiona volani imesogea hata upana wa ukucha, rudisha nyuma upana huo huo, mbele tena, nyuma tena. Iliyosogea kidogo itasogea. Mashini moja ya mama wa Bagira, iliyokuwa imekaa chini ya bati linalovuja, ilinichukua siku sita. Siku ya nne ilikuwa bado haijatoa hata mzunguko mmoja.

Petroli ikishatoka safi, ifute yote unayoweza, maana haibaki kulainisha. Ikikauka inaacha chuma kikavu, na chuma kikavu kinakulana. Sasa ndipo mafuta ya mashini, tone moja kila kiungo, zungusha, tone la pili. Moja pia kwenye njia ya ndoano, ile reli inamoyumba.

Kuna jambo moja hutalipata kwa mafuta wala kwa petroli. Chini ya mashini, ile mihimili inayoyumba inashikwa pembeni na visi zenye ncha kama penseli, kila moja na nati yake ya kuifunga. Mtu akizikaza «ili mashini isilie», mhimili unabanwa kama kichwa kati ya milango. Legeza nati, rudisha visi nyuma kidogo sana, chini ya robo ya mzunguko, ushike mhimili kwa vidole: usicheze kushoto na kulia, lakini uyumbe bila kusita. Shikilia visi kwa turnevisi wakati unakaza nati, la sivyo nati itaivuta visi nayo. Fanya moja, jaribu volani, ndipo uende kwenye nyingine. Ukizigusa zote kwa pamoja hutajua ipi ilikuwa na kosa.

Miguu ya chini inahitaji maneno machache. Tazama mhimili wa gurudumu kubwa: kuna uzi, kuna nywele, mara nyingi kuna mabaki ya kitenge yamejifunga humo. Kata kwa wembe, vuta. Pedali nayo imeshikwa na visi za ncha mbili, dawa yake ni ile ile. Na fimbo inayounganisha pedali na gurudumu, ikilia, ipe grisi kidogo. Angalia pia kama meza imesimama sawa. Nyumba zetu zimejengwa kwenye mteremko, sakafu nyingi zinaelekea ziwani. Meza ikipinda, pedali inasugua chuma cha pembeni nawe unatafuta ugonjwa kwenye kichwa.

Rudisha sasa kila kitu, ila sindano weka mpya. Ya zamani imeshapita kwenye msukosuko huo wote, na sindano iliyopinda hata unene wa unywele itagonga bati na kukurudisha mwanzo. Kwa nguo za shule mimi naweka namba 90, kwa jinzi 100. Usitie uzi bado. Kanyaga bila uzi, bila kitambaa, mguu umeinuliwa, dakika 5 nzima, ili mafuta yafike. Kisha shona kwenye vitambaa vya kutupwa, kwa sababu mashini iliyooga itatema weusi kwa siku moja au mbili, na shati jeupe la mtoto wa watu si mahali pa kupokea weusi huo. Usiku acha kitambaa chini ya mguu, kinywe kinachodondoka.

Ukishona kutwa nzima, ipe mashini matone yake kila siku kabla ya kuanza. Mimi nafanya wakati maji ya chai yako motoni, bado hakujapambazuka vizuri, na najua kwa sauti yake kama kuna kiungo nimekisahau.

Kijana wa Panzi alikaa siku mbili. Siku ya tatu nilimwambia azungushe mwenyewe kwa kidole kimoja, kile kidogo. Volani ilizunguka na ikaendelea baada ya yeye kuachia, mzunguko na nusu. Akaishika, akaizungusha tena. Mashati 38 yalikuwa yanamngoja nyumbani, na safari hii nilimfungia kichwa ndani ya liputa mimi mwenyewe, volani ikiwa juu, isije ikagonga jiwe kwenye mteremko.